Ini la Nadhiri na Sauti ya Naheri

Sogeeni, sogeeni. Wewe mwenye faili la kijani, vuta miguu, ufagio wangu hauna macho. Mnataka hadithi? Haya. Lakini hadithi ya huku chini ina masharti yake. Nikisema "zuieni", mnazuia pumzi. Nikisema "pumueni", mnapumua. Atakayecheka akachekee juu kwenye jua. Huku chini hakuna dirisha, kicheko hakina pa kutokea.

Zuieni.

Pumueni. Vizuri, sasa mko tayari.

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, palikuwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Nakunda, mkulima wa tangawizi huko milimani. Mwanamke mkavu, mwenye mdomo, anayeweza kupanda mlima na gunia kichwani huku anagombana na mtu aliye bondeni. Siku moja akashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Akanywa maji ya moto, hayakuondoka. Akanywa mizizi, hayakuondoka. Akaenda hospitali ya wilaya, wakampaka yale mafuta ya baridi tumboni, wakampitishia kile kidude chao, wakaona madoa matatu kwenye ini.

Daktari wa kule akamwambia, "Mama, madoa matatu kwenye ini ni mengi. Nenda nyumbani ukakae na watu wako."

Kaka yake Senzighe, aliyemsindikiza, akalia pale pale mbele za watu. Nakunda hakulia. Alisema, "Hata maharage yana madoa na tunakula. Nani kasema haya ni mabaya? Ameyaonja?" Akajifunga kanga kiunoni, akashuka mpaka mjini, kwenye hospitali yenye mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ambako mimi nilikuwa nafagia.

Daktari wa kupasua alikuwa Daktari Sekiete, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Akamwambia, "Mama Nakunda, madoa matatu yakiwa mabaya yote, sikugusi, maana nitakuwa napasua maiti. Likiwa baya moja, nakata, unarudi kwenye tangawizi yako. Nisipojua, pia sikugusi. Niletewe picha."

Basi sikilizeni habari za wapiga picha, maana hapo ndipo penye kisa.

Walikuwa watatu. Mkubwa ni Elisamia, wa pili ni Kiure, wa tatu ni dada mmoja, Namsifu. Wote walifundishwa na mwanamke mmoja, Naheri, Mungu amrehemu. Naheri ndiye mtu wa kwanza kuishika mashine ile. Ilipoletwa ilikuwa inasema kigeni. Watu wa milimani wakiambiwa wazuie pumzi, wao wanapumua, na picha zinatoka zimevurugika hazisomeki. Naheri akajifungia chumbani, akarekodi sauti yake mwenyewe: "Vuta pumzi. Zuia. Pumua." Maneno manne, basi. Tangu siku hiyo watu wakaelewa.

Kisha Naheri mwenyewe akaugua ini. Wanafunzi wake watatu wakagombania kumpiga picha. Mnasikia jambo hilo? Wakagombania! Kila mmoja alikuwa na njia moja anayoisifu, na njia ya mwenzake kwake ni takataka. Elisamia akashinda kwa ukubwa wake. Akapiga kwa njia yake, akatazama, akamwambia, "Ni maji tu, mwalimu." Kiure akanuna, hakupiga yake. Namsifu akanuna, hakupiga yake. Kumbe palikuwa na punje, ndogo kama mchele, na njia ya Elisamia haikuiona. Baada ya miezi minane tulimzika Naheri. Nililia mpaka nikaishiwa machozi, maana alikuwa ananisalimia kila asubuhi kwa jina langu, na si wengi humu wanaolijua.

Watatu wale hawakusemeshana tena ila kwa kazi. Na sauti ikabaki mle mle ndani ya mashine. Kila siku marehemu anawaambia wagonjwa wapumue. Usinikodolee macho wewe, sikuiweka mimi.

Sasa, siku aliyokuja Nakunda, mashine ilikuwa mgonjwa kuliko yeye. Ina gesi yake ya baridi inayoipa nguvu, na gesi ilikuwa inavuja. Fundi akagonga hapa, akasikiliza pale, akasema, "Imebakiwa na picha tatu. Baada ya hapo inalala mpaka gesi ije kutoka ng'ambo. Labda miezi mitatu."

Daktari Sekiete akasema, "Huyu mama hana miezi mitatu." Akawatazama wapiga picha mmoja mmoja. "Picha tatu, watu watatu. Kila mtu moja. Na safari hii sitaki kuona mtu amenuna."

Wakamvua Nakunda kila chenye chuma. Vibanio vya nywele, pini, hereni. Pete ikagoma, ikatolewa kwa sabuni. Wakamlaza, wakamwingiza kwenye lile shimo jeupe. Naye akiwa mle ndani, uso karibu uguse dari, akaweka nadhiri.

Kwao, mtu akiokolewa kwenye kifo huchinja mbuzi, na ini humpa aliyemwokoa, kwa mkono wake mwenyewe. Ini la nadhiri halikatwi. Hupewa mtu mmoja, zima, alile kabla jua halijazama. Ukilikata, umemkata aliyeokolewa. Likilala hadi asubuhi, kile alichoepushwa nacho kinamrudia. Na mweka nadhiri mwenyewe haonji. Nakunda akasema moyoni, "Atakayenitoa humu nikiwa hai, ini la mbuzi wangu mweusi ni lake."

Hakusema "watakaonitoa". Mtu akiwa kwenye shimo hahesabu watu.

Zuieni.

Akaanza Elisamia. Njia yake ni picha ya maji. Chochote chenye maji hung'aa, kisicho na maji hufifia. Sauti ya Naheri ikasema, "Vuta pumzi. Zuia." Mashine ikagonga, ngo, ngo, ngo. "Pumua." Elisamia akatazama, na madoa mawili yalikuwa yanawaka kwa weupe.

"Haya mawili ni vifuko vya maji," akasema. "Mama huyu kazaliwa navyo, atazikwa navyo akiwa bibi kizee. Hayana hatia. La tatu limefifia. Hilo ndilo ninalolishuku."

Daktari akashusha pumzi. Asubuhi yalikuwa matatu, sasa limebaki moja. Pumueni nanyi, mtakufa bure.

Akafuata Kiure. Yeye haulizi maji yako wapi, anauliza kama maji yanatembea. Kwenye nyama nzima maji hupita huku na huku. Kwenye nyama mbaya chembe zimebanana kama watu mlangoni siku ya mgao, maji hayapati pa kupita. Njia ya Kiure huyaona maji yaliyokwama, na pale yalipokwama panang'aa. Sauti ikasema, "Vuta pumzi. Zuia." Ngo, ngo, ngo. "Pumua." Doa la tatu likawaka. Elisamia akaitikia kwa kichwa, kuonyesha kwamba alishasema.

Lakini Kiure hakufurahi. Aliisogelea picha mpaka pua ikakaribia kioo. "Na hiki ni nini?"

Upande wa kushoto wa ini, karibu na moyo, palikuwa na punje inayong'aa. Ndogo kama mchele. Kule wilayani hawakuiona, na kwenye picha ya Elisamia haikuwepo. Nilikuwa mlangoni na ndoo yangu, nikaona jinsi wote watatu walivyokwepa kutazamana. Ile punje walikuwa wanaijua.

Daktari akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

Kiure, na hapa nampa haki yake, hakudanganya. "Sijui. Pale moyo unadunda, na njia yangu hudanganywa na mdundo. Mara nyingine inaniwashia kitu ambacho hakipo."

"Basi nielewe," akasema daktari. "Kama ipo nami nikaiacha, atakufa nayo. Kama haipo nami nikaenda kuitafuta kwa kisu gizani, nitamaliza ini lote, atakufa mikononi mwangu. Kwa uvumi sikati."

Ikabaki picha moja. Ikabaki ya Namsifu.

Njia ya Namsifu ni ya dawa na subira. Dawa huchomwa mkononi, ikaenda kwenye ini. Nyama nzima ya ini huinywa, nyama mbaya haiinywi. Unangoja dakika ishirini. Ini lote linang'aa kwa sababu limekunywa, na penye ubaya panabaki peusi kama tundu. Lakini picha yenyewe inataka pumzi ndefu, ya mtu aliyezuia bila kutikisika. Na Nakunda, kwa maumivu yale, alikuwa anafika nusu tu ya pumzi hiyo halafu anakohoa. Walimjaribu mara tatu akiwa anangoja. Mara tatu akakohoa.

"Dada yangu," akawaambia, "mimi nina pumzi ya kupanda mlima, sina ya kulala chali."

Fundi akapiga kelele kutoka nyuma, "Gesi inaondoka! Kama mnapiga, pigeni sasa!"

Zuieni. Na hapa msipumue mpaka niseme.

Namsifu akabonyeza. Sauti ikasema, "Vuta pumzi. Zuia." Ngo, ngo, ngo, ngo. Kupitia kioo tuliona kifua cha Nakunda kinaanza kutetemeka. Pumzi ikafika nusu. Vidole vya miguu vikajikunja. Namsifu akasema, "Basi, imeharibika."

Hapo sauti ikasema, "Zuia, mdogo wangu. Bado."

Ilikuwa sauti ile ile. Namsifu aliinua mikono yote miwili juu ili kila mtu aone kwamba hajagusa kitu. Kiure akarudi nyuma mpaka akaukanyaga mguu wangu. Elisamia alitaja jina moja tu, kwa sauti ya chini, "Mwalimu."

"Bado," ikasema sauti. "Bado kidogo. Usiogope."

Na Nakunda akatulia tuli kama amelala. Akavuka nusu, akafika mwisho, akaupita mwisho.

"Pumua."

Pumueni. Mashine ikagonga mara moja zaidi, kisha kimya. Ikalala. Baadaye fundi aliifungua ile rekodi akaisikiliza mara saba, na ndani yake mna maneno manne tu. Wakataka kuibadilisha. Namsifu akakataa katakata.

Picha ikatoka safi. Ini lote linang'aa, vile vifuko viwili viko pale pale Elisamia alipovisamehe, doa la tatu jeusi, na kushoto, karibu na moyo, tundu jeusi dogo kama mchele lenye mipaka yake yote. Daktari Sekiete akapima kwa kidole. Akasema, "Sasa ninajua pa kukata na pa kuacha." Akakata, akakuta kila kitu kama kilivyoonyeshwa, wala hakuzidisha. Siku ya tatu Nakunda alikunywa uji. Siku ya tano aligombana na muuguzi, tukajua amepona.

Miezi ikapita. Nakunda akatuita nyumbani kwake, milimani. Daktari hakuja, alikuwa na tumbo la mtu mwingine, akasema atatosheka na salamu. Wakaja wapiga picha watatu, na mimi nikaja, maana kwenye shughuli mwosha vyombo hasahauliki. Mbuzi mweusi akachinjwa alasiri. Wakiwa wanamchuna, Nakunda akawaeleza nadhiri yake: ini ni moja, halikatwi, mtu ni mmoja, na jua lile mnaliona.

Elisamia akasimama. "Ini ni langu. Mama huyu alihukumiwa kwa madoa matatu. Ni mimi niliyeyaondolea hatia mawili. Bila mimi daktari asingeshika kisu, na hawa wawili wasingekuwa na mtu wa kumpiga picha."

Kiure akasimama. "Ini ni langu. Wewe ulimwacha na doa moja, ukampongeza. Punje niliiona mimi, peke yangu. Bila mimi angekatwa, angeshonwa, angeshukuru Mungu, na punje ingeendelea kukua ndani yake."

Namsifu akasimama. "Ini ni langu. Wewe Kiure ulileta uvumi, na daktari alisema kwa uvumi hakati. Niliyeugeuza uvumi kuwa kweli ni mimi. Mipaka aliyoifuata kisu niliichora mimi."

"Kwa pumzi ya nani?" akadakia Kiure. "Ulishasema imeharibika! Tulikusikia!"

"Na wewe kwa Mwalimu ulikuwa wapi? Umenuna nje!"

"Wewe je, hukununa? Angalau sisi hatukumwambia ni maji tu." Hapo Kiure akamgeukia Elisamia, na Elisamia akainamisha kichwa.

Nakunda alikuwa anawasikiliza, mikono kiunoni. Akauliza, "Yule mama aliyeniita mdogo wangu, mbona hamkuja naye? Mimi nilimwandalia yeye kiti."

Kweli, palikuwa na kiti kitupu. Nilidhani ni changu.

Nikajibu mimi. "Mama, yule amekufa. Ni mwalimu wao. Aliugua ini kama wewe, na hawa hawakuiona punje yake, kwa sababu ya kugombana kama hivi."

Machozi yakamtoka Nakunda, yule asiyelia. "Alikufa kwa punje, akaja kunishikia pumzi kwa punje hiyo hiyo?"

"Basi ini ni la marehemu," akasema Senzighe, kaka yake. "Lipelekwe kaburini." Lakini kaburi liko mjini, na jua lilikuwa limeshagusa mgongo wa mlima.

Ndipo mchinjaji akaleta sinia. Nakunda akalichukua ini kwa mikono miwili, damu ikamtiririka mpaka kwenye viwiko. Watu watatu wakanyoosha mikono kwa pamoja. Wakatazama. Mikono yote mitatu ikasimama hewani.

Kwenye ini la mbuzi, upande wa kushoto, palikuwa na doa jeupe. Moja. Dogo kama mchele.

Elisamia akasema haraka, "Ni maji tu." Kisha akasikia alichokisema, akajifunika mdomo.

Nakunda akamgeukia Kiure. Kiure akasema, "Sijui. Kwa macho haya sijui." Akaurudisha mkono wake nyuma ya mgongo.

Nakunda akamgeukia Namsifu. Namsifu akatazama jua, akatazama doa. "Ningekuwa na dakika ishirini," akasema, akaushusha mkono wake.

Nakunda akapaza sauti, na hakuna aliyethubutu kukohoa. "Kabla ya doa mlikuwa watatu mnalitaka. Mimi sikutoka kwenye lile shimo ili kifo kiniite tena. Jua linazama. Aliyeniokoa na anyooshe mkono!"

Pale uani tulikuwa watu kama thelathini. Sikuwa nimegundua mpaka wakati ule, lakini wote tulikuwa tumezuia pumzi, hata watoto, hata mbwa. Na mimi, niliyekuwa karibu na kile kiti kitupu, nilisikia mtu kando yangu anasema taratibu, "Bado. Bado kidogo."

Haya. Mnanitazama nini? Nilikuwepo, sinia nililiosha mimi, na sitawaambia nililiosha lina nini. Jibuni ninyi. Ni la Elisamia, aliyemtoa mama kwenye hukumu, na ambaye macho yake yalimpitia mwalimu? Ni la Kiure, aliyeona kisichoonekana akakiri hana hakika? Ni la Namsifu, aliyeleta hakika kwa pumzi isiyo yake? Ni la Naheri, ambaye hana mkono wa kunyoosha? Na kama mnasema anayestahili ndiye atakayelila, lile doa mmeliona?

Ngojeni. Mlango umefunguliwa. Wewe mwenye faili la kijani, ndiyo wewe, wanakuita. Vua pete, kama inagoma nenda pale kwenye sabuni. Usiogope, sauti utakayoisikia ni ya mtu mwema. Atakwambia uvute pumzi, vuta. Atakwambia uzuie, zuia. Na akikwambia "bado", mwanangu, usipumue, bali fikiri, kwa sababu ukitoka nitakuuliza, na nadhani hata yeye anangoja kusikia: lile ini, jua likizama, lilikuwa la nani?